Bei ya kitabu pepe ipimwe kwa mfuko wa msomaji

Wakati wa likizo ya Desemba iliyopita, binti mmoja wa Kidato cha Tatu alifika nyumbani kwangu hapa Ewuaso Kedong akiwa na simu ya mamake mkononi. Aliinamisha kichwa kama ilivyo ada ya Wamaasai, nikamgusa utosini na kumwitikia salamu, kisha akaketi na kunieleza shida iliyomleta. Alikuwa akisoma riwaya fupi, akakwama katika sura ya nne, na akaona heri amwendee mwandishi mwenyewe amfafanulie. Nilipoipokea simu ile nilikiona kitabu changu. Sikuwa nimemuuzia, wala hakuwa amekinunua kwa mtu yeyote. Alitumiwa katika kundi la WhatsApp la wanafunzi wenzake, naye hakuona haya kunionyesha, kwa sababu hakujua kuwa palikuwa na jambo la kuonea haya.

Nakiri kwamba hisia mbili ziligombana moyoni mwangu. Nilifurahi, maana ni mwandishi gani asiyefurahi kuona mtoto amekatiza jua la mchana na vumbi la njia ili aulize maana ya aya moja? Papo hapo nilikasirika, maana kitabu kile kilinigharimu miaka miwili na akiba yangu. Nilipomweleza kuwa kitabu hicho kinauzwa, aliuliza kwa adabu, "Kwani ni pesa ngapi, Mwalimu?" Nikamjibu kuwa ni shilingi 500. Alinyamaza, akaitazama simu, akanitazama mimi. Kimya kile kilinifundisha zaidi ya yote niliyokuwa nimesoma kuhusu biashara ya vitabu.

Leo nataka kulizungumzia swali ambalo walimu wengi wanaoandika wamewahi kuniuliza, na ambalo wanafunzi wetu watakaokuja kuandika hawana budi kulijibu: kitabu cha kielektroniki, au kitabu pepe kama wengine wanavyokiita, ambacho mwandishi amejichapishia mwenyewe, kiuzwe kwa bei gani? Jibu langu ni kwamba bei hiyo haipimwi kwa jasho la mwandishi. Hupimwa kwa mfuko wa msomaji. Hata hivyo, isishuke mpaka ikawa sufuri.

Kwanza nieleze nilivyofika kwenye shilingi 500. Riwaya yangu inahusu ukame uliotukumba baada ya misimu mitano ya mvua kukosekana mfululizo, tangu mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022. Mchapishaji niliyempelekea mswada aliusifu, kisha akaniambia waziwazi kuwa kitabu kisichoidhinishwa kwa matumizi ya shule hakimpi faida. Sikumlaumu. Tangu mwaka 2018 serikali ilipoanza kusambaza vitabu vya kiada moja kwa moja katika shule za umma, maduka ya vitabu yamepoteza wateja, na mtu wa Ewuaso anayetaka kitabu cha hadithi hulazimika kupanda gari hadi Ngong au Nairobi. Nauli ya kwenda na kurudi ni kitabu kingine.

Basi nikaamua kujichapishia. Nililipa mhariri, nikalipa mchoraji wa jalada, nikalipa kijana wa kupanga kurasa zisomeke vyema kwenye simu, na nikatafuta nambari ya ISBN, ambayo hapa Kenya hutolewa na Huduma ya Maktaba ya Kitaifa. Jumla ya matumizi ilikuwa shilingi 38,000. Mwishoni mwa Agosti kitabu kilikuwa tayari. Mpango ulikuwa rahisi: msomaji anatuma fedha kwa M-Pesa, nami namtumia kitabu. Palipofika pahali pa kuandika bei, nilijiuliza nimekesha usiku mara ngapi, nikaangalia riwaya za karatasi zinauzwaje, nikaandika 500. Katika miezi minne ya mwanzo, hadi mwisho wa Desemba, niliuza nakala 11. Nilipata shilingi 5,500.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kukifananisha kitabu pepe na kitabu cha karatasi. Bei ya kitabu cha karatasi imebeba mizigo mingi: karatasi, wino, mtambo, ghala, gari la kusafirisha, na sehemu ya mwenye duka. Fauka ya hayo, sheria ya VAT ya mwaka 2013 ilianza kuvitoza vitabu ushuru wa asilimia 16, na wachapishaji wakalalamika sana. Kitabu changu hakikuwa na karatasi wala gari wala duka. Msomaji anajua hivyo. Anapoombwa alipe bei ya karatasi bila kupewa karatasi, ana haki ya kunyamaza kama alivyonyamaza binti yule.

Kosa la pili nilifumbuliwa macho na mzee jirani yangu, mfugaji ambaye amewahi kuuza mifugo mingi katika soko la Kiserian kuliko vitabu nilivyowahi kusoma. Nilimweleza masaibu yangu tukiwa tumeketi kivulini. Akaniuliza, "Mwalimu, wewe ukiuza kitabu, chenyewe kinabaki kwako au kinaondoka?" Nikamwambia kinabaki. Akacheka. "Mimi mbuzi wangu akiondoka ameondoka. Ndiyo maana nabishana mpaka jioni. Wewe unabishana kwa nini?" Kisha akaongeza neno ambalo sijalisahau: mnunuzi sokoni hamuulizi muuzaji mbuzi huyu amekula nyasi kiasi gani. Wakati wa ukame mzee huyu aliwauza ng'ombe aliowalea kwa miaka mingi kwa bei ya kusikitisha, na hakuna mnunuzi aliyemwongezea hata ndururu kwa sababu ya uchungu wa malezi.

Maneno ya mzee yana hesabu ndani yake. Katika kitabu pepe, nakala ya kwanza ni ghali mno, na nakala ya pili karibu ni ya bure. Gharama yangu ya shilingi 38,000 haibadiliki niuze nakala moja au elfu moja. Nikiuza kwa shilingi 500, nahitaji wasomaji 76 ili kurudisha mtaji. Nikiuza kwa shilingi 100, nahitaji wasomaji 380. Mtu mwenye haraka ataona kuwa kuwapata watu 76 ni rahisi kuliko kuwapata 380. Nami niliamini hivyo. Nililosahau ni kuwa idadi ya watu hapa kwetu wanaoweza kutoa shilingi 500 kwa hadithi ya mwandishi wasiyemjua haifiki huko, ilhali wanaoweza kutoa shilingi 100 ni wengi, nao huambiana.

Jambo hili si geni duniani. Mwaka 1935 huko Uingereza, Allen Lane alianzisha vitabu vya Penguin kwa peni sita kila kimoja, wakati ambapo riwaya mpya yenye jalada gumu iliuzwa kwa shilingi saba na peni sita, yaani mara kumi na tano ya bei hiyo. Kwa nini peni sita? Kwa sababu hiyo ndiyo iliyokuwa bei ya pakiti ya sigara kumi. Lane hakuuliza riwaya ina thamani gani. Aliuliza mtu wa kawaida hutoa fedha gani mfukoni bila kufikiri mara mbili. Wenzake katika biashara walitilia shaka busara yake, lakini vitabu vile viliuzwa kwa mamilioni.

Hapa kwetu Kenya tunaye David Maillu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 aliunda kampuni yake mwenyewe, Comb Books, akaanza kujichapishia vitabu vidogo vya kutia mfukoni, vikiwemo My Dear Bottle na After 4.30. Wahakiki wengi hawakuvipenda, na Tanzania ilivipiga marufuku. Sina nia ya kuufufua mjadala ule wa maadili. Nataka tu wasomaji wakumbuke kuwa miaka mingi kabla ya intaneti kutufikia, Mkenya mmoja alitambua kuwa karani na mfanyakazi wa mjini walikuwa wasomaji, mradi wauziwe kitabu kinachowafaa, kwa umbo linalowafaa, nao wakavinunua kwa wingi.

Waandishi wengi chipukizi hutafuta jibu la swali la bei Marekani. Huko wanaelezwa kuwa bei nzuri ya kitabu pepe ni dola 2.99, na wanapewa mfano wa Amanda Hocking wa Minnesota, ambaye riwaya zake zilikuwa zimekataliwa na wachapishaji mara nyingi. Mwaka 2010 alianza kujichapishia, akiuza baadhi ya vitabu kwa senti 99 na vingine kwa dola 2.99, na kufikia mapema mwaka 2011 alikuwa ameuza zaidi ya nakala milioni moja. Habari hizi ni za kweli na zinatia moyo. Lakini hebu tuulize ile dola 2.99 ilitoka wapi. Kampuni ya Amazon humpa mwandishi mrabaha wa asilimia 70 kitabu kikiuzwa kati ya dola 2.99 na dola 9.99, na asilimia 35 nje ya mipaka hiyo. Kwa hiyo 2.99 ni bei ya chini kabisa inayompa mwandishi mgao mkubwa. Ni bei iliyozaliwa na kanuni ya duka moja.

Ikumbukwe pia kuwa mgao huo wa asilimia 70 hutolewa kwa mauzo ya nchi zilizoorodheshwa, na Kenya haimo katika orodha hiyo. Mwalimu wa Kajiado akinunua kitabu changu huko, mimi napata asilimia 35. Dola 2.99, tukikadiria shilingi 130 kwa dola, ni kama shilingi 390. Msomaji wangu atatozwa 390 kwa kadi ya benki ambayo huenda hana, nami nipate kama shilingi 136, kabla ya kodi ambayo Marekani hukata. Duka hilo linamfaa Mswahili aliyeko Ughaibuni, na sisemi tulikimbie. Nasema tusichukue bei iliyokatwa kwa kipimo cha mguu wa mtu mwingine tukailazimisha kwenye mguu wetu.

Kuna wanaotaja vitabu teule vya fasihi kama kielelezo cha bei. Riwaya kama Chozi la Heri ya Assumpta Matei au Nguu za Jadi ya Clara Momanyi zilipoteuliwa kutahiniwa katika KCSE, zilipata wasomaji ambao hawakuwa na hiari, kwa sababu mtihani ulikuwa mbele yao. Sidharau kazi hizo; ni kazi nzuri zilizostahili kuteuliwa. Lakini mwandishi aliyejichapishia hana mtihani wa kumsukumia wasomaji. Msomaji wake anakuja kwa kupenda, na anayekuja kwa kupenda hufukuzwa upesi na bei.

Nayajua mapingamizi mawili yatakayoletwa dhidi ya hoja yangu. La kwanza ni kuwa bei ndogo hukishusha kitabu hadhi. Watanikumbusha methali isemayo rahisi huvunja upishi. Waama, kitabu kilichojaa makosa ya tahajia na jalada la kubahatisha hakitaokolewa na bei yoyote, iwe ndogo au kubwa. Upishi huvunjwa na mpishi aliyebana matumizi jikoni, na mimi sikubana: nililipa mhariri kabla ya kumlipa mtu mwingine yeyote. Kitabu kilichohaririwa vyema hakipotezi hata nukta moja kwa kuuzwa shilingi 100.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo hutoka kwa watu wenye nia njema. Huuliza: ikiwa nakala ya pili ni karibu ya bure, na wasomaji wetu ni maskini, mbona usikitoe bure kabisa? Nimelitafakari sana swali hili, na jibu langu ni la. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Nimewasikia wanafunzi wakisema kuwa lugha hii ni ya kupitia mtihani tu na haina riziki. Nikigawa kitabu changu bure kwa sababu naona aibu kuomba mia moja, nitakuwa nimewathibitishia wanayosema. Aidha, kitu cha bure hupakuliwa na kusahaulika, ilhali anayelipa hata kidogo hukifungua ili aone fedha yake imekwenda wapi. Na mwandishi asiyerudisha mtaji wake hataandika kitabu cha pili. Nani basi atakuwa amefaidika?

Kuhusu wale wanaosambaza vitabu bila idhini, sitaki nieleweke vibaya. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inamlinda mwandishi, na kunakili kazi ya mtu ni kosa hata kama bei yake ni ya juu kama mlima Suswa. Lakini mwalimu mwandishi hana uwezo wa kumshtaki kila mtoto wa shule, na hata angekuwa nao asingeutumia. Alicho nacho ni bei. Bei ikiwa kubwa, kuomba nakala kwa rafiki kunakuwa rahisi kuliko kununua. Bei ikiwa ndogo na njia ya kulipa ikiwa nyepesi, kununua kunakuwa rahisi kuliko kuomba. Ndiyo sababu nilichagua 100 wala si 150: kumtumia mtu shilingi 100 au chini yake kwa M-Pesa hakumtozi mtumaji ada yoyote. Ada ndogo huonekana si kitu mezani kwa mwenye mshahara, lakini kwa mzazi anayehesabu sarafu, ada ndiyo humfanya aseme "nitatuma kesho", na kesho hiyo haifiki.

Mwandishi mwenzangu anayetafuta bei yake na ajiulize maswali matatu. Msomaji wangu ni nani, na ni kitu gani anachonunua bila kusitasita? Atalipa kwa njia ipi, na njia hiyo itamgharimu nini juu ya bei? Nimetumia fedha ngapi, na nahitaji wasomaji wangapi ili zirudi? Jibu la daktari anayewaandikia madaktari wenzake kuhusu kazi yao halitakuwa 100. Huenda likawa 1,000 na likawa halali kabisa, kwa kuwa wasomaji wake ni wachache na wana uwezo. Mimi ninawaandikia wanafunzi na walimu. Na yote haya yaandikwe, maana mali bila daftari hupotea bila habari.

Limebaki suala la shule. Shule zetu za upili haziruhusu mwanafunzi kuingia na simu, kwa hiyo kitabu pepe hakimfikii ila wakati wa likizo, tena kwa simu ya mzazi. Napendekeza waandishi tuweke bei ya pili, bei ya shule. Mimi nitaianza muhula ujao: shule italipa shilingi 1,500 mara moja, iruhusiwe kuchapa nakala kumi za kuweka maktabani na kukisoma kitabu darasani itakavyo. Walimu wakuu wasiione hiyo kuwa gharama ya anasa. Ni shilingi 150 kwa kila nakala, kabla ya karatasi, na kila nakala itapita mikononi mwa watoto wengi.

Matokeo yamekuwaje? Nilishusha bei mapema Januari. Katika miezi minne iliyofuata, hadi mwisho wa Aprili, niliuza nakala 163, nikapata shilingi 16,300. Nikijumlisha na zile 5,500 za mwanzo, nimepata 21,800. Bado sijarudisha mtaji. Pengo ni shilingi 16,200, yaani wasomaji 162. Sijatajirika, na simwahidi yeyote utajiri. Lakini haba na haba hujaza kibaba, na sasa kibaba naona kinajaa, ilhali mwaka jana nilikuwa nikikitazama kikiwa kitupu.

Miongoni mwa zile 163 kuna moja ambayo thamani yake kwangu ni kubwa. Jioni moja ya Januari, siku chache kabla ya shule kufunguliwa, simu yangu ilipokea ujumbe wa shilingi 100. Jina lililoandikwa lilikuwa la mamake yule binti wa sura ya nne. Kitabu alikuwa nacho tayari, na alikuwa amekwisha kukisoma. Mke wangu aliniambia niwarudishie, kwa kuwa ni majirani na mwaka haukuwa mzuri kwao. Nilifikiri kwa muda, kisha nikakataa. Kumrudishia kungekuwa kumwambia mtoto yule kuwa alichokifanya hakikuwa na maana. Nilimwandikia mamake ujumbe wa shukrani, na nikaiandika shilingi mia ile katika daftari langu pamoja na nyingine.